Majivu Upande Mmoja wa Shamba

Mtu mmoja alikuwa na dada mmoja na shamba moja la ufuta, na vyote viwili aliachiwa na baba yake avitunze. Mtu huyo aliitwa Nambole. Dada yake aliitwa Somoe. Baba yao, kabla hajafa, aliligawa shamba katikati kwa mstari wa mchaichai, upande wa mashariki wa mwanamume, upande wa magharibi wa mwanamke, akasema hataki kusikia huko kaburini kwamba mtu amesogeza hata shina moja. Nambole hakusogeza. Katika hilo alikuwa mwaminifu, na alipenda watu wajue.

Somoe alikuwa amerudi kwao kutoka kwa mume aliyekuwa akimpiga. Huko bondeni alikoolewa akiwa bado msichana mdogo wanalima mpunga, kwa hiyo ufuta aliujua kwa kuukaanga tu, si kwa kuulima. Alifikia chumba cha nyuma kwa kaka yake, ukuta mmoja na mbuzi, na kila alipokwenda kuchota unga kwenye pipa, wifi yake alipata shughuli ya ghafla karibu na pipa. Huyo wifi, Mama Sikudhani, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyumba yake. Somoe akaelewa bila kuambiwa, akaanza kujenga ya kwake. Alisimamisha miti, akafunga fito, akakanyaga tope kwa miguu yake mwenyewe, akakandika mpaka juu. Likabaki paa. Paa lilikuwa bado shambani, limesimama kwenye shina, lina majani. Ufuta ukikubali, mabati yatapatikana, naye atafunga mlango wake kwa ndani. Usipokubali, atakaa chumba cha nyuma mpaka wifi achoke, na wifi akichoka, atarudishwa bondeni kwa yule mwenye ngumi. Hapakuwa na njia nyingine. Somoe aliamka nalo hilo kila siku, na kaka yake alilijua vizuri kama yeye.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Kwenye njia panda palikuwa na mkorosho, na kwenye tawi la mkorosho lilining'inia jembe bovu lisilo na mpini, pembeni yake chuma cha kuligongea. Atakayekuwa wa kwanza kuona wadudu kwenye ufuta, uwe wake au wa mwenziwe, alitakiwa aende akaligonge. Jembe likilia, kila mtu anaacha alichoshika. Kijiji kizima kinaingia mashambani bega kwa bega, wanapindua majani, wanasaga wadudu kwa vidole, wanamwaga majivu na maji ya mwarobaini, wanamaliza shamba hili wanaingia lile, bila kuuliza la nani. Na mpaka kazi ile iishe, hakuna ngoma, hakuna harusi, hakuna kupika sufuria kubwa. Mwenye shughuli yake anaiahirisha na kumeza mate. Ilikuwa desturi ngumu. Iliwekwa na watu waliowahi kuchemsha mizizi wakawapa watoto.

Mwaka ule mvua ilianza vizuri. Watu wakapanda, ufuta ukaota, wakapunguza miche, ukafika magotini. Kila alasiri wingu lilijikusanya, likamwaga mvua nzito yenye matone ya kuumiza uso, halafu likaenda zake. Watu wakanung'unika. Nguo hazikauki. Kuni zinatoa moshi. Njia ni utelezi mtupu, na kuta za Somoe, pamoja na kufunikwa makuti, zinatoka jasho kama mgonjwa. Hakuna aliyeishukuru mvua ile kwa kupiga. Hakuna aliyejiuliza, inapopiga hivi, ni kitu gani inakiangusha.

Nambole alinung'unika kuliko wote, kwa sababu alikuwa anamwoza binti yake. Sikudhani alikuwa amepata mchumba mwenye kazi, kijana wa watu wa mbali, na kijana alikuwa anakaribia kuondoka kwenda migodini. Wazee wake walituma neno bila sukari: ndoa ifungwe kabla hajaondoka, au waambiwe mapema wakatafute kwingine. Nambole hakutaka waende kwingine. Alikuwa ameshawaambia watu baraza zima kwamba mkwe wake ana kazi. Sasa akitazama uwanja wake uliojaa tope, akaona wageni wanateleza, wapishi wanafukuzwa na mvua, na yeye anachekwa.

Akaenda kwa mfunga mvua. Huyo aliitwa Babu Mkwanda, mzee mkavu, mwenye kikohozi, aliyekaa ukingoni mwa kijiji. Babu Mkwanda alitoka nje, akatazama juu muda mrefu, akatazama chini walikokuwa wakipita sisimizi, akalamba kidole akakiinua kwenye upepo. Ndipo akakubali. Alichana kipande cha kaniki, akakipiga mafundo huku midomo inacheza, akakichomeka kwenye uchaga juu ya jiko.

"Na ikinyesha?" Nambole akauliza.

"Ikinyesha, mjukuu wangu, ujue kuna mtu nyumbani kwako hana radhi na harusi," alisema mzee. "Hilo halimo kwenye fundo langu."

Haikunyesha. Siku iliyofuata wingu lilikuja, likasita, likapita. Baadaye hata wingu likaacha kuja. Likatoka jua pole, jua la kuanikia, na upepo mwanana wa kumfanya mtu alegeze vifungo. Watu wakafurahi. Mama Sikudhani akaanika mchele uwanja mzima. Somoe aligonga kuta zake akakuta zimekauka vizuri, zinalia kwa ndani kama chungu kilichoiva, naye akafurahi, nisiseme uongo. Jua lile kila mtu alilipenda. Walimsifu Babu Mkwanda, walimsifu Nambole kwa akili ya kumwendea, na hakuna uso uliokunjwa kijijini.

Ndipo asubuhi moja Nambole akaingia shambani kutazama maua. Alikuwa upande wake, karibu na mchaichai. Akaona jani la juu la mche mmoja limejikunja kama mtu anayeficha kitu kiganjani. Akalipindua.

Chini ya jani walikuwapo. Vidukari, wadogo, rangi ya kijani iliyochafuka, wamebanana mpaka ngozi ya jani haionekani. Wale ndio wengine huwaita wadudu mafuta, kwa sababu jani walilokaa huwa linang'aa na kunata. Akapindua la pili. Akapindua la mche wa jirani. Kwenye kilele cha mche mwingine viwavi walikuwa wameshona majani kwa utando wakajifungia ndani, wanakula maua kabla hayajafunguka. Na kwenye shina sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka kwa haraka, kama watu waliosikia kuna mnada.

Nambole hakuwa mjinga. Alilima ufuta tangu akiwa mdogo. Alijua mdudu yule hangoji mayai yaanguliwe. Anazaa wana walio hai, na wana wanazaliwa na mimba zao. Alijua kwamba mvua ya kupiga humtupa chini akazama kwenye tope, na kwamba jua pole na upepo mwanana ndiyo malezi yake. Kwa kila siku ya raha waliyoipata watu, mdudu alipata ukoo. Alijua yote hayo akiwa bado ameshika jani. Akageuza uso kutazama njia iendayo kwenye mkorosho. Haikuwa mbali. Mtu angekwenda na kurudi kabla uji haujapoa.

Lakini akaiona harusi. Akaona jembe linalia, sufuria zinaepuliwa, wageni wanaambiwa warudi. Akawaona wazee wa kijana wanafunga mizigo yao kwa adabu na kwenda kwingine. Akajiambia, harusi ni karibu. Ikishapita, Babu Mkwanda atafungua fundo, mvua itapiga, wadudu watakwisha wenyewe, na hakuna atakayejua kwamba walikuwapo. Akaliachia jani. Lilirudi mahali pake, likafunika.

Kesho yake, kabla watu hawajatoka, alichota majivu ya jikoni kwake kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia, akaingia shambani. Akamwaga majivu kwenye vilele vya miche, mche baada ya mche, kwa mikono yake. Alimwaga upande wake. Alipofika kwenye mchaichai akasimama. Ng'ambo ya mstari aliona majani ya Somoe yameanza kujikunja vilevile. Ndoo ilikuwa bado na majivu. Akafikiri: nikimwaga huku ataona, akiona atauliza, na Somoe akishajua kitu, ulimi wake hautangoja harusi ya mtu, atakuwa kwenye mkorosho kabla sijakung'uta mikono. Akarudi na ndoo yake.

Mpaka ule wa mchaichai ulijulikana na watu waliogawana shamba. Mdudu hakuhudhuria ugawaji.

Baadaye siku ileile Somoe alikuwa akipalilia upande wake huku anaimba wimbo wa bondeni, wa kufukuza ndege kwenye mpunga. Alimwona kaka yake akipita, akamwita.

"Kaka, njoo uone. Mbona haya ya juu yamejikunja?"

Nambole hakuukaribia mche. Alisimama palepale njiani.

"Jua tu hilo," akasema. "Jioni yanafunguka."

"Na kunata huku?"

"Ufuta una mafuta, dada. Ulitaka utoe nini, maji?"

Somoe akacheka. Alijicheka mwenyewe, mtu wa mpunga, hajui kitu. Akainama akaendelea kupalilia, na wimbo akauanzia pale alipouachia. Nambole akaenda zake, na ule wimbo ukamfuata mpaka nyumbani.

Toka hapo mtu yule hakulala usingizi wa kushiba. Kila kulipokucha alitazama juu kwanza, na juu palikuwa peupe. Alisikia wapishi wanasifia hewa, akasikia kama wanamsema yeye. Mama Sikudhani alimuuliza mbona hali chakula, akajibu shughuli ni nyingi. Alipita njia ya nyuma ili asipite kwenye mkorosho, akawaambia watu njia ya mbele ina miiba.

Harusi ikafana. Hilo lazima lisemwe. Uwanja ulikuwa mkavu, mikeka ikatandikwa, pilau likaiva bila moshi, na wakwe walikula wakasifu. Alasiri wakataka kutembezwa waone mashamba, maana watu wa mbali hupenda kujua wameoa kwa watu wenye nini. Nambole akawazungusha kwa mbali, kwenye mihogo. Lakini bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, mnene, mzito wa kutembea, alikata njia ya mkato akapita kando ya ufuta wa Somoe. Aliposhika mche ili ajizuie asianguke, mkono ukabaki unanata. Akautazama mkono. Akapindua jani. Kisha akainua uso akamtazama Nambole, mwenye shughuli, kwa muda ambao Nambole aliuona mrefu sana. Bibi yule alifuta kiganja kwenye kanga yake mpya, taratibu, kidole baada ya kidole, akaendelea na njia yake. Alikuwa mgeni. Jembe halikuwa lake.

Sikudhani akaenda kwa mumewe. Wageni wakaondoka. Nambole akangoja mvua.

Mvua haikuja. Jua likaendelea kuwa pole, upepo ukaendelea kubembeleza, na sasa ule upepo ulibeba vidukari wenye mabawa kutoka kwa Somoe kwenda kwa kila jirani. Majivu ya Nambole nayo mengi yalipeperuka, na miche ikaendelea kukua ikayapita, vilele vipya vikatoka vikiwa havina kitu. Wadudu wakarudi kwake kutoka ng'ambo ya mchaichai, wengi kuliko wale aliowafukuza. Sasa angeweza kwenda kuligonga lile jembe. Harusi ilikuwa imepita, hapakuwa na sufuria ya kuepua. Asubuhi moja alikwenda kweli, akafika mpaka chini ya mkorosho, akakishika kile chuma. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga kwenye tundu la jembe. Akawatazama wanaingia na kutoka. Akafikiri: nikigonga wataniuliza nimeona lini. Akakirudisha chuma mahali pake kwa uangalifu, kisije kikagusa jembe.

Mwisho wa yote ufuta wenyewe ukasema. Majani ya Somoe yaligeuka rangi ya chai, yakawa na masizi, yakaanguka. Maua yakakatika kabla ya kufunga mbegu. Watu wakashituka wakakimbilia mashambani kwao, wakapindua, wakakuta hivyohivyo. Kelele zikaanza. Wakaulizana nani alaumiwe, na kabla swali halijazunguka likamfika, Nambole akasema kwa sauti kubwa, "Yule mzee hakufungua fundo."

Watu hupenda sana kupewa mtu wa kulaumu. Wakaenda wote kwa Babu Mkwanda, Nambole mbele, wengine na fimbo, mmoja na panga alilosema alikuwa nalo tu. Waliujaza uwanja wa mzee. Mzee akatoka ndani, anakohoa, amefunga shuka kiunoni, na Somoe alikuwa amechelewa, alikuwa bado yuko njiani kutoka shambani.

"Fungua mvua," wakamwambia.

"Nilishafungua siku ileile wageni wenu walipoondoka."

"Muongo. Kiko wapi kitambaa?"

Babu Mkwanda akaonyesha kwa kidevu. Karibu na kinu palikuwa na jogoo amefungwa mguu, na alichofungiwa ni kipande cha kaniki kilichokunjamana, mikunjo ya mafundo bado inaonekana. "Kile pale," akasema. "Bibi yenu hatupi kitu." Mtu mmoja akacheka, wenzake wakamtazama akaacha. Mzee akaendelea, sauti ndogo, na watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Aliwaambia kwamba amewafungia mvua tangu baba zao, na hajawahi kufunga kabla hajauona upepo umegeuka. Mbingu haimsikilizi yeye wala baba yake. Wao ndio waliotaka kuamini kwamba inasikiliza, kwa kuwa mtu aliyefungiwa mvua hulala vizuri.

Aliyekuwa na panga akasogea. Nambole alimwona anasogea. Neno moja lake lingemsimamisha. Akajiona anangoja. Anangoja mzee apigwe, jambo liishe.

Ndipo Somoe akaingia uwanjani. Watu walimpisha, maana wote walijua ni nani aliyepoteza kuliko wengine. Hakuwa analia. Mkononi alikuwa na mche mzima wa ufuta aliong'oa na mizizi, na kila mtu akaona haukung'olewa upande wake, kwa sababu upande wake hapakuwa na mche wenye jani. Ulikuwa mche wa Nambole, wa kando ya mchaichai. Akaunyanyua watu wauone. Juu, kwenye majani mapya, palikuwa na wadudu. Chini, kwenye majani ya zamani, palikuwa na majivu yaliyogandishwa na umande, magumu kama chokaa.

Kila mtu pale alilima, na kila mtu alijua kusoma mche. Majivu humwagwa juu, kwenye kilele. Kama leo yako chini, basi yalimwagwa wakati kule chini ndiko kulikuwa juu. Wakati ufuta uko kiunoni. Wakati sufuria za harusi zinasuguliwa.

Somoe akamtazama kaka yake, akauliza polepole, kama anayeuliza njia:

"Kaka, majivu haya uliyamwaga lini?"

Nambole aliyatazama yale majivu. Alikuwa na majibu mengi, aliyatengeneza siku zote zile akiwa amelala macho wazi. Hakuna hata moja lililotengenezwa kwa ajili ya majivu. Mwenye panga akalishusha. Watu hawakumpiga Nambole, hawakumtukana. Walifanya jambo baya kuliko hayo: walianza kuondoka, mmoja mmoja, wakipita kushoto na kulia kwake kama maji yanavyokwepa jiwe. Babu Mkwanda akaingia ndani na kikohozi chake. Somoe akaulaza ule mche miguuni mwa kaka yake, akakung'uta udongo mikononi, akaondoka na wenzake.

Wingu lilikuwa limeshasimama upande wa bahari, jeusi. Hakuna aliyeliita. Kabla watu hawajafika makwao, mvua ikapiga, ileile ya zamani, yenye matone ya kuumiza uso. Ilichapa mashamba ikaangusha wadudu kama mtu anayekung'uta kitambaa cha meza. Walijaa mitaroni, wakaelea, wakazama. Kazi ile ambayo vidole vya kijiji kizima vingeifanya kwa taabu, mvua iliimaliza kwa muda wa mtu kula ugali wake. Ilikuwa mvua nzuri kabisa. Kwa Somoe iliosha vijiti.

Nambole akakimbia kwenye njia panda. Kilichompeleka hata yeye hakukijua. Alikamata kile chuma akaligonga jembe, akagonga, nyigu wakatoka wakamuuma shingoni, hakuacha. Mlio ulikwenda mbali, mvua haikuuzuia. Watu walikuwa barazani kwao wakitazama maji yanavyoshuka, na wote walisikia. Mama Sikudhani alisikia. Hakuna aliyetoka. Si kwa sababu walikuwa wamekasirika. Hapakuwa tena na mdudu wa kusaga.

Alipochoka akarudi kwa kupitia kwenye nyumba ya dada yake. Makuti yalikuwa yamechukuliwa na upepo, na kuta zinamomonyoka, tope linateremka kwenye fito, fito zinabaki kama mbavu. Somoe amesimama mvuani anatazama, kanga imemgandia. Nambole akamwambia mvua imezivunja kuta. Somoe hakumgeukia. Alimjibu kwamba kuta angezikandika tena, tope halinunuliwi. Kaka angemwambia tu mapema, naye angeililia mvua, hata kama ingezivunja siku ya harusi.

Kabla ya mavuno, ya wale waliobakiwa na cha kuvuna, wifi alichoka. Somoe alifunga kanga zake akashuka bondeni kwa yule mwenye ngumi. Nambole alitaka kumbebea mzigo. Akaruhusiwa mpaka kwenye mstari wa mchaichai, ambao ulikuwa umenawiri sana, maana mdudu hali mchaichai. Hapo dada yake akaupokea mzigo, akajitwika, akaenda. Nambole hakuvuka. Tangu hapo akawa mtu wa kwanza kijijini kupindua majani kila asubuhi, yake na ya watu, na watu walimwachia afanye hivyo.

Na wewe unayefurahia kwamba siku hizi kwenu kumetulia, jua pole, hakuna kelele: jembe la njia panda yenu limenyamaza kwa kuwa hakuna mdudu, au kwa kuwa aliyemwona anayo shughuli yake?